Kabla ya Kuuliza Bei ya Picha

Leo tunazungumzia picha za ukutani, hasa zile zilizochapwa kwenye karatasi au kanvasi, zikatiwa fremu, kisha zikauzwa kwa bei zinazopishana mpaka mnunuzi akabaki anajiuliza nani anasema kweli.

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja amemaliza kujenga nyumba yake. Sebule imepakwa rangi, ukuta uko mtupu. Anaingia kwenye duka la fremu hapa mjini Machakos, anaonyeshwa picha kubwa ya tembo chini ya mgunga, shilingi 2,000 pamoja na kioo. Wiki inayofuata ana shughuli Nairobi, anapita kwenye galari ya sanaa. Huko anakuta karatasi ndogo kuliko ile ya tembo, imechapwa matatu kwa wino mweusi na rangi nyingine mbili, haina hata fremu, na anatajiwa shilingi 40,000. Bei hizi ni za mfano tu, lakini pengo la namna hiyo lipo. Mwalimu anaguna. Zote mbili ni karatasi. Zote mbili zimechapwa. Je, anapunjwa huku, au anapunjwa kule?

Inawezekana hapunjwi popote. Inawezekana pia anapunjwa kote kuwili. Jibu linategemea swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, kwa sababu hukimbilia kuuliza bei. Swali lenyewe ni hili: picha hii imetengenezwaje? Likumbuke swali hilo, msikilizaji, maana litarudi mara nyingi leo. Imetengenezwaje?

Picha zilizochapwa ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni chapa ambayo ndiyo kazi yenyewe ya msanii. Hakuna mchoro mwingine wa rangi uliofichwa mahali. Msanii alifikiria chapa tangu mwanzo, akachonga ubao au akachora kwenye bamba, akapaka wino, akakandamiza karatasi. Kilichotoka pale ni kazi asilia, hata kama zimetoka ishirini zinazofanana. Ukoo wa pili ni picha ya picha. Msanii alichora kwa brashi, mchoro ukapigwa picha au ukapitishwa kwenye skana, kisha mashine ikatoa nakala. Mchoro wenyewe uko kwingine: kwa tajiri fulani, kwenye jumba la makumbusho, au bado uko kwa msanii.

Koo zote mbili ni halali na zina mahali pake nyumbani. Shida huanza pale bidhaa ya ukoo wa pili inapouzwa kwa jina na bei ya ukoo wa kwanza.

Tuanze na ukoo wa kwanza, kwa kuwa watu wa Ukambani wana sababu ya kuuelewa haraka kuliko wengine. Nani asiyejua Wamunyu? Historia ya uchongaji wa biashara huko inahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, nao ukaenea kijiji hadi kijiji, mpaka wachongaji Wakamba wakaunda ushirika mkubwa Mombasa kule Changamwe, pamoja na ushirika wa Wamunyu penyewe. Kwa hiyo patasi, mti mgumu, na mkono unaojua nyuzi za mti zimelalia upande gani si mambo mageni hapa.

Chapa ya ubao hutumia vifaa vya namna hiyo hiyo. Msanii huchukua ubao laini ulio bapa, akachora juu yake, kisha akachonga na kuondoa sehemu zote asizotaka zionekane. Zile zinazobaki juu ndizo zinazopokea wino. Ni kama muhuri wa mpira wa ofisi ya chifu: kilichoinuka huchapa, kilichozama hakichapi. Karatasi hulazwa juu ya ubao, hukandamizwa kwa mashine au kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, kisha hubanduliwa taratibu. Picha hutokea kinyume na ilivyochongwa. Ndiyo maana msanii anayeandika jina la matatu kwenye ubao lazima alichonge herufi kwa herufi kutoka kulia kwenda kushoto.

Na mfano wa matatu haukuchaguliwa ovyo. Dennis Muraguri, msanii wa Nairobi, amejenga jina lake kwa kuchonga matatu za jiji kwenye mbao na kuzichapa: makondakta wakining'inia mlangoni, maandishi, michoro ya ubavuni, fujo yote ya barabara. Peterson Kamwathi naye alianza kufahamika kwa chapa za ubao kabla ya michoro yake mikubwa ya makaa kumpeleka mbali. Mtu anaponunua chapa ya ubao ya wasanii hawa, hanunui picha ya mchoro uliobaki kwa mwingine. Ananunua mchoro wenyewe.

Kuna mbinu moja inayostahili kuelezwa polepole, kwa sababu inaonyesha wazi bei ya chapa inatoka wapi. Fred Mutebi wa Uganda, aliyesomea Makerere, anajulikana kwa chapa za rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja tu. Anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza iliyo nyepesi kwenye karatasi zote anazotaka, tuseme thelathini. Kisha anarudi kwenye ubao ule ule, anachonga zaidi, anachapa rangi ya pili juu ya ya kwanza. Anachonga tena, anachapa tena. Kila hatua inaondoa mti ambao hauwezi kurudishwa. Anapofika rangi ya mwisho, ubao umebaki vipande vichache vilivyoinuka. Je, akiambiwa chapa zile thelathini zimenunuliwa zote na watu wanataka nyingine, atafanyaje? Hawezi. Ubao haupo. Karatasi iliyoharibika hatua ya tano imeharibika, na hakuna ya kuziba nafasi yake. Hapo msikilizaji anaweza kuona kwamba maneno "idadi yake ni ndogo" yana maana halisi, yanatokana na kazi ilivyofanyika, hayakubuniwa na mwuzaji.

Ukoo huu una mbinu nyingine pia. Kuna chapa za bamba la shaba au zinki, ambapo wino hukaa ndani ya mistari iliyochimbwa na karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa nguvu hadi iunyonye. Kuna litografia, iliyovumbuliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, inayotumia jiwe na ukweli kwamba mafuta na maji hayapatani. Na kuna uchapaji wa skrini, ambao watu wengi wa Machakos wameuona hata kama hawaujui kwa jina: fulana za shule na za kampeni huchapwa kwa njia hiyo hiyo, wino ukisukumwa kupitia kitambaa chenye matundu madogo. Msanii akiifanya kwa uangalifu kwenye karatasi nzuri, nayo ni kazi asilia.

Sasa tuhamie ukoo wa pili, picha ya picha. Hapa kuna mashine mbili zinazotawala. Ya kwanza ni ofseti, mashine ile ile inayochapa vitabu vya shule, magazeti na kalenda zinazogawiwa Desemba. Hutumia wino wa rangi nne: samawati, nyekundu ya waridi, manjano na nyeusi. Rangi nyingine zote unazoziona, kijani cha majani, kahawia ya ngozi, ni vidoti vya rangi hizo nne vilivyopangwa karibu karibu mpaka jicho likadanganyika. Mashine ya pili ni ya kidijitali, inayorusha matone madogo sana ya wino moja kwa moja kwenye karatasi au kanvasi.

Mfano mzuri na wa uaminifu ni kazi za Joy Adamson. Watu wengi wanamjua kwa simba Elsa, lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alizunguka Kenya kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, akichora watu wa jamii mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Michoro hiyo ni mamia kwa mamia, na mingi iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mingine ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Kenya. Mtu akitundika nakala ya mmoja wa michoro hiyo nyumbani kwake, anajua na kila mtu anajua kwamba mchoro wenyewe uko makumbusho. Amepata sura, historia na uzuri kwa bei nafuu. Hakuna aliyedanganywa.

Lakini vipi pale mwuzaji anaposema, "Hii siyo bango la kawaida, hii ni jikle"? Neno hilo la Kifaransa hutajwa sana na wauza sanaa, na mnunuzi asiyelijua huona aibu kuuliza. Asione aibu. Jikle ni picha iliyochapwa kwa mashine ya kidijitali ya kurusha wino. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1991 na Jack Duganne, mchapaji aliyekuwa akifanya kazi Nash Editions huko California, karakana iliyoanzishwa na mwanamuziki Graham Nash. Mashine walizotumia, za kampuni ya Iris, zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya majaribio ya matbaa kabla ya kuchapa kazi kubwa, na wino wake wa mwanzo ulififia upesi ukikaa kwenye mwanga. Wino wa leo umeboreka sana. Hata hivyo jina lenyewe halimhakikishii mnunuzi chochote, kwa kuwa hakuna sheria inayozuia mtu yeyote kuliandika kwenye karatasi yoyote. Kwa hiyo akisikia jikle, arudi kwenye swali letu. Imetengenezwaje? Wino gani? Karatasi gani?

Wino gani, kwa sababu mashine za kurusha wino hutumia wino wa aina mbili. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna wino wenye chembechembe ndogo za rangi zisizoyeyuka. Ule wa kuyeyuka unang'aa sana siku ya kwanza lakini haustahimili mwanga. Ule wa chembechembe hudumu muda mrefu zaidi. Na kama msikilizaji anataka ushahidi wa kufifia kwa rangi, apite kwenye kinyozi yeyote mwenye mabango ya zamani ya mitindo ya nywele yaliyobandikwa karibu na dirisha. Sura zote zimegeuka buluu. Nyekundu na manjano huchoka kwanza, samawati na nyeusi zikabaki. Jua letu la Machakos halina huruma, na picha iliyotundikwa mbele ya dirisha la magharibi itafuata njia hiyo hiyo kama wino wake ni dhaifu.

Karatasi gani, kwa sababu karatasi ya bei ya chini hutengenezwa kwa massa ya mbao ambayo bado yana lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka manjano, na karatasi huwa kavu na kuvunjika. Gazeti lililosahaulika juani siku chache huonyesha jambo hilo. Karatasi nzuri ya sanaa hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, haina asidi, ni nzito mkononi, na hukaa miaka mingi bila kubadilika. Mwuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu swali la karatasi bila kusita.

Hebu sasa tufike mahali penye utata, pale koo mbili zinapokaribiana.

Mwaka 1972 michezo ya Olimpiki ilifanyika Munich, Ujerumani. Wakenya wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu Kip Keino alishinda dhahabu ya mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Lakini Kenya ilikuwa na mtu mwingine Munich, na anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Mchoraji Ancent Soi, baba yake Michael Soi ambaye pia ni mchoraji mashuhuri, alikuwa miongoni mwa wasanii ambao kazi zao zilifanywa mabango ya sanaa ya michezo ile, pamoja na majina makubwa ya dunia kama David Hockney na Oskar Kokoschka. Wasikilizaji wasikie vizuri: mchoraji Mkenya aliyejifunza mwenyewe, pamoja na hao. Sasa, mabango ya mfululizo ule yalitolewa kwa namna zaidi ya moja. Kulikuwa na chapa chache zilizotiwa saini na msanii kwa mkono, na kulikuwa na mabango mengi ya kawaida yaliyochapwa ili watu wa kipato chochote waweze kununua. Sura ni ile ile. Tukio ni lile lile. Thamani sokoni si ile ile. Anayeuziwa bango la kawaida kwa bei ya chapa yenye saini ameumia, hata kama bango lenyewe ni zuri na ni la mwaka huo kweli.

Kwa hiyo saini na nambari zina kazi. Desturi ya wachapaji ni kwamba chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, kwa penseli, msanii huandika sehemu ya nambari upande wa kushoto, tuseme 12/50, jina la kazi katikati, na saini upande wa kulia. Nambari hiyo husema: hii ni ya kumi na mbili kati ya hamsini. Kwa nini penseli? Kwa sababu mashine haiwezi kuiga kwa urahisi mng'ao na mbonyeo wa penseli kwenye karatasi. Saini iliyo ndani ya picha, iliyochapwa pamoja na rangi nyingine, inathibitisha tu kwamba mchoro wa awali ulikuwa na saini.

Lakini tahadhari. Penseli na nambari haziigeuzi picha ya picha kuwa kazi asilia. Mtu anaweza kuchapa nakala 500 kwa mashine ya kidijitali, akaziandika nambari moja hadi 500, na msanii akatia saini zote. Hizo zitakuwa nakala zenye saini, si zaidi. Tena anaweza mwaka ujao kuchapa picha ile ile kwa ukubwa mwingine na kuanza kuhesabu upya. Ndiyo maana mnunuzi aulize: je, picha hii ipo au itakuwepo kwa ukubwa mwingine? Jibu liandikwe kwenye risiti.

Hata saini ya kweli inaweza kupotosha. Salvador Dalí, mchoraji maarufu wa Uhispania, alikuwa akitia saini karatasi tupu kwa maelfu. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra likiwa na karatasi tupu zipatazo 40,000 zenye saini yake. Picha ingechapwa baadaye, na yeyote. Hadi leo chapa za Dalí za miaka ile ni soko ambalo wataalamu huliingia kwa hofu. Saini ilikuwa yake. Kazi je? Ndiyo sababu tunasema: usianze na saini, anza na swali. Imetengenezwaje?

Afrika Mashariki tuna pia nakala ambazo hazijapita kwenye mashine yoyote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi ya mafuta kwenye mbao za hadibodi Dar es Salaam mwaka 1968, na alikufa mwaka 1972. Muda mfupi namna hiyo ulitosha kuzaa mtindo mzima, na mpaka leo wachoraji wengi wanachora chui, ndege na samaki wale wale kwa mkono, mmoja akifuata mwingine. Picha ya Tingatinga inayouzwa Mombasa au Nairobi huenda imechorwa kwa brashi kweli, lakini haimaanishi kwamba ni ya pekee, na hakika haimaanishi kwamba ilichorwa na Tingatinga mwenyewe. Siku hizi ziko pia zilizochapwa kwenye kanvasi. Akipitisha kidole pembeni ya rangi, mnunuzi atahisi: rangi ya mafuta ina mgongo, wino wa mashine ni bapa. Ingawa hapo pia kuna hila, kwa sababu wapo wanaopaka gundi angavu juu ya kanvasi iliyochapwa, wakiacha alama za brashi ili ionekane imechorwa. Ukiona alama za brashi zinakwenda njia yake na mistari ya picha inakwenda njia nyingine, umepata jibu.

Na picha za kamera? Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake za nyeusi na nyeupe za mji, mashua na watu bado zinauzwa. Picha iliyosafishwa kutoka negativu miaka ile ya zamani na picha iliyochapwa juzi kutoka negativu ile ile ni vitu viwili kwa mtoza vitu vya kale. Kwa anayetaka tu kuiona Zanzibar ya zamani ukutani, ile ya juzi inatosha, na itamwachia pesa za fremu nzuri.

Basi, msikilizaji atajuaje akiwa amesimama dukani, bila mtaalamu kando yake? Simu yake inaweza kumsaidia. Afungue kamera, aisogeze karibu kabisa na picha, akuze. Akiona vidoti vilivyopangwa kwa safu na miduara midogo kama maua, hiyo ni ofseti, ni picha ya picha. Akiona unyunyizaji mdogo usio na mpangilio, hiyo ni mashine ya kidijitali. Akiona rangi moja iliyojaa, bila doti hata moja, ukingo wake ukiwa umeinuka kidogo kwa wino uliosukumwa pembeni, huenda yuko mbele ya chapa ya ubao. Aombe kuigeuza: mara nyingi mgongoni mwa karatasi mbonyeo wa ubao huonekana. Chapa ya bamba la shaba nayo huacha mstatili uliozama kuzunguka picha, unaoonekana mwanga ukipigwa kutoka ubavuni. Uchapaji wa skrini huacha rangi nene, bapa, yenye mipaka mikali. Litografia ndiyo inayowatatiza hata wazoefu, na hapo ni vyema kutegemea maelezo ya maandishi ya galari.

Kama picha iko ndani ya fremu iliyofungwa kabisa na mwuzaji hataki ifunguliwe, kwa kazi ya bei kubwa, ni afadhali kuondoka.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa mazungumzo haya analiona kuwa zito kuliko wanunuzi wengi wanavyolichukulia. Picha ya msanii wa Kenya hupigwa kwa simu kwenye maonyesho au hunaswa kutoka intaneti, hupelekwa kwenye duka la uchapaji, na kesho yake iko kwenye kanvasi ikiuzwa. Msanii hajui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia. Hata mtu aliyenunua mchoro wa asili kwa pesa halali hajanunua ruhusa ya kuuchapa kwenye kalenda ya kampuni yake. Ruhusa hiyo huombwa peke yake na hulipiwa peke yake. Kwa hiyo tuliongeze swali la pili kwenye lile la kwanza. Imetengenezwaje, na msanii aliruhusu? Duka linaloshirikiana na wasanii hujibu kwa kutaja jina. Duka lisiloweza kumtaja mchoraji wa picha linayouza linakuwa limejibu tayari.

Na tuseme umenunua vizuri. Sasa picha ifike nyumbani ikae salama. Kwanza, isigusane na kioo. Fundi wa fremu aweke ukingo wa kadi nene kati ya picha na kioo, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua huigandisha karatasi kwenye kioo, na kuibandua ni kuirarua. Pili, kadi hiyo na ubao wa nyuma visiwe na asidi. Hadibodi ya kahawia iliyozoeleka mafundini huacha doa la rangi ya chai kwenye karatasi nzuri kadiri miaka inavyopita. Kama fundi ana hadibodi tu, basi kuwe na karatasi isiyo na asidi kati yake na picha. Tatu, selotepu isiguse chapa kabisa. Na nne, jambo la kwetu huku hasa: mchwa. Mchwa hupanda ukutani kwa siri na hula fremu kutoka nyuma, na karatasi ya pamba ni chakula chao pia. Vipande vidogo vya mpira au koki vikibandikwa kwenye pembe za nyuma ya fremu, hewa itapita, ukuta utaonekana, na njia ya udongo itagunduliwa mapema. Picha isitundikwe juu ya jiko wala mahali jua la alasiri linapoingia.

Mwisho kabisa, makaratasi. Risiti iliyoandikwa "picha moja" haimsaidii mtu. Iandikwe jina la msanii, jina la kazi, mwaka, mbinu, aina ya karatasi na wino, nambari ya chapa na jumla ya toleo. Ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, isigundishwe nyuma ya fremu ambako itapotea siku fremu itakapobadilishwa. Hati hiyo itahitajika siku mnunuzi au wanawe watakapotaka kuiuza kazi kupitia galari au mnada. Sheria ya hakimiliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, iliweka haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa, na kazi isiyojulikana ilichapwa na nani, lini na kwa njia gani humnyima msanii haki hiyo na humpunguzia mwuzaji bei.

Muda wetu umefika ukingoni. Walio na chapa au picha za zamani nyumbani na wangependa kujua ni za ukoo gani, wazitoe nje ya fremu mchana kwenye mwanga mzuri, mikono ikiwa mikavu, waziangalie kwa kamera ya simu namna tulivyoeleza, mbele na nyuma.